Sulhu ya Mbuzi Hatuitaki

Leo hatuna mshono mpya wa dera wala mapishi. Tumerudi Bara na mzigo wa vitenge, na mzigo mwengine moyoni.

Sisi washonaji tunaovuka bahari hadi Tanga, tukaingia Korogwe na Handeni na madera yetu, tunasikia mengi. Mwanamke akisimama apimwe, husema asiyowahi kumwambia hata mamake mzazi. Safari hii mama mmoja alileta sare ya skuli ya binti yake, tuipanue kiunoni. Binti ana miaka 15. Aliyemfanyia ni jirani, mtu mzima na watoto wake. Wazee walikaa, mbuzi wawili wakapokewa na pesa kidogo, ikasemwa yamekwisha.

Yamekwisha kwa nani?

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ni ya 1998. Mtu mzima akimwingilia binti wa miaka 15 asiye mkewe amebaka, hata akidai binti alikubali, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Bei yake si mbuzi. Wapo wanaotaka ndoa badala ya mbuzi, na hapo Serikali yenyewe imeacha mlango wazi: Sheria ya Ndoa ya 1971 imemruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 2019 kwamba hilo linakwenda kinyume na Katiba. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita.

Hatusemi Serikali haijafanya kitu. Kuna madawati ya jinsia na watoto polisi, kuna namba 116 ya kupiga bure, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Mpango wa taifa, ule MTAKUWWA ulioanza 2017/18, umeweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi kijijini. Vizuri. Lakini nani anakaa kwenye kamati hizo? Tukiuliza, mara nyingi tunatajiwa wazee wale wale wa baraza. Aliyekula mbuzi atakwenda kushitaki?

Na sulhu ina sumu nyengine. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI sharti ianzwe ndani ya saa 72. Baraza la wazee lilikaa wiki nzima! Toka kijiji cha ndani Handeni hadi hospitali ni bodaboda, kisha basi, na nauli ya mtu asiye na kitu. Tunataka Serikali ilipe nauli hiyo, na nauli ya mashahidi pia, kwani kesi hufa kwa mashahidi kutofika.

Nasi visiwani tusijione wasafi. Kituo cha mkono kwa mkono kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2011, lakini ngapi zimefukiwa kwa "tusiaibishane, sisi ndugu"? Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha kusimamia haki hata ikiwaelemea jamaa zetu. Tunaisoma kwa sauti nzuri, kisha tunapokea mbuzi.

Sare tuliipanua, pesa hatukuchukua. Namba 116 tuliiandika kwenye karatasi ya vipimo, tukaikunja pamoja na nguo. Mama akasema atamuuliza kwanza baba watoto, aliyepokea mbuzi.