Kijana Apelekwe Ugenini

Imekuwa desturi siku hizi kuwahurumia, na pengine kuwacheka, wale vijana waendao wawili wawili, wenye mashati meupe na tai, na vibao vyeusi vya majina vifuani, wapitao mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi katika jua la mchana wakipiga hodi kwa watu wasiowajua, ili wawape habari za dini ambayo aghalabu ya wenye nyumba hawakupata kuisikia. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao walimwengu huwaita Wamormoni. Madhehebu yao yaliasisiwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, yakatambuliwa rasmi Tanzania mwaka 1992, na Kitabu cha Mormoni kikatoka kwa Kiswahili mwaka 2000. Sikusudii kuhukumu itikadi yao, maana hilo ni la wanazuoni na la nafsi ya kila mtu, na Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 19, imekwisha kumpa kila raia uhuru wa kuamini na kueneza dini yake. Ninalokusudia ni kuutazama mwenendo wa maisha yao, kwa kuwa naona ndani yake ibra kwa taifa lililoanza kusahau faida ya kumtuma kijana mbali na kwao.

Itazame siku yao. Kijana wa kiume wa kanisa hilo aweza kutumwa akiisha kutimiza miaka 18, kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2012, naye hutumika kwa miezi 24, hachagui nchi wala mji, bali hupokea barua ya wito akatii. Hapati mshahara, gharama huzichangia yeye na jamaa zake. Huamka aghalabu saa kumi na mbili unusu asubuhi, akanyoosha viungo, akasali, akasoma maandiko peke yake na kisha pamoja na mwenziwe, akadurusu lugha ya wenyeji ikiwa si yake, ndipo akatoka. Na saa nne unusu za usiku sharti awe kitandani. Siku moja ya juma ameachiwa afue nguo, aende sokoni na awaandikie wazazi. Hana ruhusa ya kutembea na mchumba, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2019 sauti ya mama yake aliisikia kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, kabla wakuu wao hawajaruhusu mara moja kwa juma. Fauka ya hayo, haachwi peke yake: popote aendapo yupo na mwandani aliyepangiwa, ambaye hakumchagua, ambaye pengine ni wa taifa jingine na tabia nyingine, na ambaye akiisha kumzoea atabadilishiwa mwingine, hata ajifunze kukaa kwa amani na insani yeyote.

Na ajifunze pia kukataliwa. Mwenyeji wetu ni nadra kumfukuza mtu mlangoni; humpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba Mungu akipenda wataonana, na kijana aliyelelewa katika nchi ambamo ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana huchukua muda mrefu kutambua kwamba amekataliwa kwa murua. Siku atakapotambua hilo, na akaondoka bila kinyongo huku akiwaamkia wazee barazani, atakuwa amepata elimu ambayo hakuna chuo cha kwao kingaliweza kumpa.

Sisi wa Ufipa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili, kwa kuwa uwanda wetu huu, ulioinuliwa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, umewapokea vijana wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1868 Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliunda shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa kanzu zao waliitwa Mapadre Weupe. Na mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ulitoka Marseille kuja kwenye maziwa makuu, na Padri Pascal, aliyewaongoza wale waliokusudia Tanganyika, akafariki njiani mwaka huohuo kabla hajaliona ziwa lenyewe. Mwaka 1885 walikabidhiwa boma la Karema, ambalo Wabelgiji walilijenga mwaka 1879, na kutoka ukingo wa ziwa wakapanda hata huku juu penye baridi. Lavigerie aliwawekea masharti ambayo Mmormoni wa leo angeyatambua mara moja: wasikae pungufu ya watatu katika kituo, wajifunze lugha ya watu wanaokaa nao, na katika chakula na mavazi waishi kwa kadiri iwezekanavyo kama wenyeji wao. Yaani mkuu huyo alifahamu kwamba kijana aliye mbali na kwao ana hatari mbili, upweke na kiburi, na kwamba dawa ya upweke ni mwenzi, na dawa ya kiburi ni kurudi kuwa mwanafunzi.

Na katika wote waliofika Karema, anayenipendeza zaidi hakuwa padri wala Mzungu. Adrian Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa na wauza watumwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga wa kisasa katika kisiwa cha Malta, na akaletwa Karema mwaka 1889 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikuja na sanduku la dawa na lugha za kigeni. Akajifunza za hapa, akaoa binti wa hapa, akatibu wagonjwa na kufundisha dini, mwanawe akawa padre, naye mwenyewe hakuondoka hata alipofariki mwaka 1956, baada ya utumishi wa miaka sitini na saba. Mtu huyo alikuwa mgeni wa kweli, mgeni kwa Wazungu waliomleta na mgeni kwa Waafrika waliompokea, na akafa mwenyeji.

Mfano wake waonyesha pia upungufu wa utaratibu wa Wamormoni. Miezi 24 humtosha kijana kubadilika yeye, lakini haimtoshi kuwajua watu anaotaka kuwabadilisha, kwa sababu aghalabu lugha inapoanza kumwelea, na watoto wa mtaa wanapoanza kumtania, ndipo siku za kurudi zinapowadia. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza misheni za upande huu tangu mwaka 1891 hata alipofariki mwaka 1917, alikuwa amekaa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kutoa, mwaka 1913, kitabu chake Aux rives du Tanganika juu ya watu wa nchi hii na desturi zao. Na ingawa aliandika kwa jicho la mgeni aliyekuja kuhubiri, leo watafiti wa mambo ya kale ya Ufipa hawawezi kukipita. Kwa hiyo mmisionari apimwe, kwa rai yangu, kwa yale aliyojifunza kabla ya kupimwa kwa hesabu ya aliowabatiza.

Wako watakaoniambia kwamba nawapamba wageni ambao historia yao si safi, na maneno yao yana haki. Boma la Karema lilijengwa kwa amri ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na dini ilipita humo kabla ya dola la Kijerumani kukaza mikono yake. Kadhalika, kanisa la Wamormoni lilimnyima mwanamume mweusi daraja la ukuhani hata mwezi wa Juni mwaka 1978, jambo ambalo wazee wengi wa leo wangali wanalikumbuka. Walakini mambo hayo ndiyo yanayonithibitishia hoja yangu: kijana wa kanisa hilo atokaye Utah, Marekani, aketiye katika nyumba ya Mwafrika, akanawishwa mikono, akala ugali wa mwenyeji na kusahihishwa Kiswahili chake na mtoto wa darasa la tatu, amepata darasa ambalo babu zake walilikosa. Na sasa wamo katika wamisionari hao vijana wa Kiafrika wanaotumwa kutoka nchi moja ya bara letu kwenda nyingine, kama vile uwanda wetu, uliokuwa ukipokea tu, ulivyokuja kumtoa mwana wa Mwazye, Polycarp Pengo, akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam mwaka 1992 na Kardinali mwaka 1998.

Sasa niulize: sisi tunamtuma nani, na wapi? Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa nia hii hii, na shule zetu za bweni zilimtoa mtoto wa Lindi zikamweka Bukoba, hata kizazi kizima kikajuana. Utumishi wa jeshi hilo wa mujibu wa sheria ukasitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013; lakini sasa ni wa miezi michache, kambini, vijana wakiwa wao kwa wao, na wengi wao hurudi makwao bila kupata kulala katika nyumba ya mwenyeji wala kushika jembe katika shamba lake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumewaondoa wageni wetu kabla ya siku ya tatu.

Nashauri, basi, kwamba serikali, pamoja na baraza la Waislamu, BAKWATA, majimbo ya Kanisa Katoliki, na makanisa mengine, wakubaliane kumpa kila kijana amalizaye masomo, anayetaka kwa hiari yake, mwaka mzima wa kutumika katika mkoa asioujua, wawili kwa wawili wasiochaguana, wakikaa katika nyumba za watu, wakifundisha shuleni au wakisaidia katika zahanati, na wakiwa na wajibu wa kujifunza jambo moja la wenyeji barabara. Kijana wa Tanga aje huku kwetu Sumbawanga mwezi wa Juni, ajue baridi. Awaulize wazee wa Kifipa jinsi majani yanavyofunikwa udongo katika vichuguu vya ntumba hata yaoze, na jinsi vichuguu hivyo vinavyotawanywa msimu ufuatao vipandwe ulezi. Kijana wa Sumbawanga naye aende Pemba akajifunze karafuu na adabu ya barazani. Gharama zake si haba, lakini kanisa lililoanza kwa watu wachache katika kijiji cha Marekani limeweza kuzibeba kwa michango ya jamaa, na sisi tulio mamilioni hatuna udhuru wa kushindwa.

Wazazi nao wakubali kuwaachia wana wao. Na ewe msomaji, wakija kwako vijana wawili wenye mashati meupe, au wowote waliotumwa mbali na kwao, huna haja ya kuikubali dini yao. Wape kiti na maji, na uwasahihishe Kiswahili chao, kwani ndilo somo walilolifuata hata kama hawalijui.