Mwacheni Azibe Masikio

Jenereta ya kisima ikiwashwa Kutulo, kaskazini mashariki mwa Kenya, ngamia hawageuzi hata shingo. Mtoto wa miaka minne aliyekuwa akicheza kando ya birika la maji huangusha alichoshika, akamkimbilia mamake na kuziba masikio kwa viganja vyote viwili. Wakubwa waliopo huanza kutoa hukumu papo hapo, na hukumu zenyewe hazibadiliki sana kutoka Wajir hadi Elwak. Nyingi zinamwongezea mtoto mzigo, kwa hiyo tuzijibu.

"Anadeka. Msogezeni kwenye kelele, atazoea."

Hili ndilo dai linalopendwa zaidi, tena lina chembe ya ukweli, kwa kuwa ubongo kweli huzoea sauti. Kuzoea huko, hata hivyo, huja mtu akiwa ametulia. Mtoto anayeshikwa mkono kwa nguvu mbele ya spika za harusi haambulii somo lolote kuhusu spika. Anachojifunza ni kwamba mtu mzima aliyemtegemea hatamwachia akimbie. Wiki ijayo ataanza kulia akiona turubai tu linafungwa, kabla hata muziki haujaunganishwa.

Njia inayofaa huanzia mbali na humwachia mtoto usukani. Rekodi jenereta hiyo kwa simu, nusu dakika inatosha. Mpe simu aishike mwenyewe, umwonyeshe kitufe cha kupunguza sauti, kisha mwache aiwashe, aizime, aicheke. Akiizoea ndani ya nyumba, mpeleke nje. Kutulo ni tambarare, na mahali pa wazi kila ukiongeza umbali maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6: ukihama kutoka mita 10 hadi mita 40, umeshaondoa 12 bila kutoa shilingi. Kaeni pale anaposikia mngurumo bila kuhitaji kuziba masikio, mnywe chai, mrudi nyumbani. Safari nyingine sogeeni hatua chache. Akisema turudi, mnarudi. Mzazi mwenye haraka ataona huu ni upuuzi, lakini ndio unaofupisha safari, maana kila mara anapoburutwa hofu inaanza upya.

Kumwonya mapema nako kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mtoto husumbuliwa zaidi na sauti inayomvamia kuliko ile anayoitarajia. Angalia adhana. Ina nguvu, na hakuna anayeomba ipunguzwe, lakini ina saa zake, na mara nyingi mwadhini hugonga maikrofoni kidogo kabla ya kuanza. Mtoto akifundishwa kuwa ule mlio wa "tu, tu" ndio ishara yake ya kuingia ndani au kumshika nyanya mkono, baada ya muda atakuwa anawatangazia wenzake kwamba wakati umefika. Jenereta haina adabu hiyo, kwa hivyo mwambie anayeiwasha apaze sauti kwanza. Ni jambo dogo, na katika mji ambao kila mtu anajua mtoto yupi ni wa nani, litatendeka.

"Basi mtieni pamba masikioni, atembee nayo kutwa."

Wenye huruma nao hukosea. Pamba kavu haizuii sauti kwa kiasi cha maana, na kipande chake kinaweza kukwama ndani ya sikio. Vifaa vya kufunika masikio kama vile vya mafundi wa mashine hufanya kazi kweli, vingi hupunguza desibeli 20 hadi 30, na ni halali kabisa kumvisha mtoto harusini au lori linapopakiwa karibu naye. Shida ni kumvisha asubuhi hadi usiku. Mwaka 2003 mtafiti Craig Formby na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wazima wenye masikio mazima walivaa vizibo kwa wiki mbili. Walipovivua, sauti za kawaida zilionekana kwao kali kuliko awali. Kundi jingine lililovalishwa kifaa cha kutoa mvumo hafifu mfululizo lilipata kinyume chake: uvumilivu uliongezeka. Ubongo unaonyimwa sauti hujiongezea usikivu. Vifaa basi ni vya saa ya kelele, na kelele ikiisha vinavuliwa.

Nyumba yenyewe inaweza kusaidia kuliko kifaa. Mvua ikipiga mabati moja kwa moja bila dari, watu wazima hulazimika kupigiana kelele ili wasikizane. Herio, kibanda cha jadi cha mikeka na matambara, haina kelele hiyo. Familia yenye nyumba ya mabati na herio ya nyanya uani tayari ina chumba cha utulivu. Kinachobaki ni kumruhusu mtoto aende bila kuulizwa maswali.

"Masikio yake ni makali mno. Anayesikia hivyo hana haja ya daktari."

Hapa dai linapotosha kwa njia ya hatari. Mtoto mwenye upungufu wa kusikia anaweza kukosa sauti za chini kabisa, huku zile za juu zikimchoma ghafla. Anayeshtuka jenereta ikinguruma huenda ndiye asiyegeuka ukimwita kwa sauti ya chini kutoka nyuma yake. Mjaribu leo. Sikio lenye maambukizi nalo huuma, na usaha unaotoka kwa wiki mbili au zaidi ni ugonjwa sugu unaohitaji tiba. Usimwage mafuta wala maziwa sikioni. Anzia zahanati, uombe rufaa hadi hospitali inayopima usikivu. Kuhusu shule, Kenya ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza kilipo cha karibu.

"Ni jini, asomewe."

Asomewe, hakuna ubaya. Kisomo cha sauti ya chini, mtoto akiwa mapajani, kinaweza hata kumtuliza. Lakini kumsomea kwa kumpigia kelele sikioni, au kumshikilia huku watu kumi wakimzunguka, ni kumwongezea kilekile kinachomtesa. Na kisomo hakizuii safari ya zahanati.

"Huyo ana usonji."

Huenda. Leo Kanner, aliyeeleza usonji mwaka 1943, alitaja watoto waliotishwa na sauti kubwa, na tangu 2013 mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani unahesabu mwitikio usio wa kawaida kwa sauti, mwanga au mguso miongoni mwa dalili. Ni dalili moja tu, hata hivyo. Watoto wengi wanaoziba masikio huzungumza, hucheza na wenzao, huonyesha kwa kidole kitu kinachowafurahisha. Anayepaswa kupelekwa haraka ni yule asiyeitika jina lake, asiyeonyesha kwa kidole, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo.

Pia uliza: ilianza lini? Mtoto wa ukanda huu anaweza kuwa na sababu nyingine. Desemba 2019 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na Kutulo na abiria wakauawa, na halikuwa shambulio la kwanza wala la mwisho kaskazini mashariki. Anayeanza kuogopa mlango ukibamizwa baada ya kusikia risasi, asiyelala, anayejikojolea tena, huenda tatizo lake si la sikio. Anahitaji mtu wa kumsikiliza na huduma ya afya ya akili.

"Mwachie maalim, kiboko kitamnyoosha."

Duksi, yaani chuo cha Kurani, yenye watoto arobaini wanaosoma kwa pamoja inaweza kuwa na kelele kubwa. Maalim mwenye busara humketisha mtoto kama huyu pembeni karibu na mlango, na humsikiliza akisoma ubao wake wenzake wanapotoka. Kuhusu kiboko, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na Katiba ya 2010, ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, mtoto wa duksi akiwemo.