TUANGALIE MBELE YA KUFUTA

Leo nataka kusema juu ya ile ordinateri ya sale yetu ya informatike, iliyokataa kuweka kazi zetu kwa sababu diski ilijaa.

Siku ile kila mtu alisema lake. Wengine walisema ni virusi. Miye kapita wenu nilisema kwa sauti kubwa: ni wadogo wa darasa la saba na la nane ndio wanajaza mashini na mazoezi yao, basi tufute dosie zao zote! Kumbe nilihukumu bila kuangalia.

Mwalimu alinyamaza, akafungua programu inayoitwa WinDirStat. Programu hii inapita katika kila dosie, inahesabu ukubwa wa kila fishie, kisha inachora picha. Kila fishie inakuwa kipande chenye pembe nne. Ikiwa inakula nafasi nyingi, kipande chake ni kikubwa. Rangi inaonyesha aina yake. Tukaona nini? Vipande vikubwa vilikuwa filamu na nyimbo za video. Mazoezi ya wadogo, yote pamoja, yalikuwa kama nukta pembeni. Na zile filamu, nyingine zililetwa na siye wakubwa. Niliona haya sana.

Shida hii si ya kwetu tu. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani, profesa Ben Shneiderman na wenzake walikuwa na diski moja ya mega 80 kwa watu 14. Ilipojaa, ilikuwa vigumu kujua nafasi imeenda wapi. Ndipo akatafuta namna ya kuchora diski nzima katika picha moja. WinDirStat inafuata namna ile.

Lakini tusidanganyike. Picha inaonyesha ukubwa, haionyeshi faida. Dosie ya Windows ni kubwa, lakini ukiifuta mashini haitafanya kazi tena. Kazi ya mwanafunzi ni ndogo, lakini ikipotea, nani atamrudishia? Tena, kitu ulichotupa katika kikapu cha takataka cha ordinateri kingali kinakula nafasi mpaka kikapu kimwagwe.

Siye watu wa Kisangani tunaona mashua zinazopanda mto kutoka Kinshasa na mizigo yao. Mashua ikilemewa, mwenye akili hatupi kifurushi cha mama mzee kwanza, na magunia makubwa yako pale chini hayajaangaliwa.

Basi natoa shauri langu. Kila mwezi tufungue ile picha pamoja na mwalimu. Kila darasa lifute vitu vyake lenyewe. Mtu asiguse dosie ya mwingine bila kumwambia. Na kazi za maana tuziweke pia katika flashi, kwani diski inaweza kufa siku yoyote.

Filamu zetu nimekwisha kuzifuta. Kwa ninyi wadogo, naomba musamaha. Mukubwa naye anapashwa kuangalia kwanza dosie yake mwenyewe.

Kapita wenu,
Darasa la nne la humanite