Mlaji Mdogo wa Baharini Asisahauliwe

Katika majuma matano yaliyoanzia mwishoni mwa Novemba 1987, nyangumi 14 walikufa katika Ghuba ya Cape Cod, Marekani. Ilibainika kwamba walikuwa wamekula vibua wenye saksitoksini, sumu ya neva inayotengenezwa na mwani wa hadubini uitwao Alexandrium. Lakini chakula kikuu cha kibua si mwani, bali ni zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaochukuliwa na maji, hasa kopepodi, jamaa ya kamba, ambao wengi wao hawazidi milimita chache. Atakaye kuifuata njia ya sumu hiyo hana budi kumchunguza mlaji huyo mdogo.

Masomoni, aghalabu kopepodi huchorwa baina ya mishale miwili: hula mwani, naye huliwa na samaki. Mchoro huo si wa uongo, ila humfanya aonekane kama mfereji tu wa kupitishia chakula. Utafiti waonyesha vingine. Mwani wenye sumu unapofumka, kopepodi wa aina fulani huzibagua seli za sumu wakala nyingine. Wengine huzila, kisha hupunguza ulaji au hutaga mayai machache. Kwa vyovyote, mwani hupungukiwa na wa kuula, na mfumko huweza kuendelea.

Mwani nao hujihami. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden walieleza kwamba Alexandrium minutum, uwekwapo katika maji yenye kemikali zitokazo kwa kopepodi, huongeza sumu yake hadi mara 2.5. Wala kopepodi habaki vile vile: Acartia hudsonica wa pwani ya Maine, ambako mifumko hiyo hutokea mara kwa mara, walionekana kuimudu sumu kuliko wenzao wa New Jersey wasioizoea.

Kwa hiyo haifai kuupima ubaya wa mfumko kwa kuhesabu mizoga peke yake. Mzoga huja mwisho; dalili za mwanzo zimo katika ulaji na utagaji wa kopepodi. Yawapasa walimu wa biolojia walio karibu na bahari wamwonyeshe mwanafunzi kiumbe huyo akiwa hai. Wavu wa kitambaa laini, ndoo na hadubini ya shule vyatosha kuanzia. Mwanafunzi amtazame, ajiulize anakula nini na anaacha nini. Hapo ndipo mishale ile ya ubaoni itakapopata maana.