Wino Wetu Nao Ni Mkorogo

Waandishi wenzangu, acheni kuwacheka dada zetu wa Kidahwe eti wanajikoroga kwa ujinga. Nani kawafundisha? Fungueni hadithi zetu za mapenzi: mpenzi ni mweupe, uso hauna doa. Mweusi tii ndiye mchawi.

Mama anashika mimba, mabaka meusi yanamtoka mashavuni, jua la shamba linayakoleza. Mengi hufifia akishajifungua. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua vingemsaidia. Lakini mumewe, msomaji wetu hodari, kaanza kununa! Basi mama anakimbilia kopo lenye haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku nchini katika vipodozi. Kopo linauzwa vilevile, chini ya meza. Mwanzoni uso unang'aa. Akizidi kupaka miaka, haidrokwinoni yaweza kuugeuza ngozi ya bluu-nyeusi, na zebaki inaharibu figo.

Katika riwaya yangu Bi mkubwa anauza mawese njia panda ya Kasulu na Uvinza. Ana mabaka, na wanaume wawili wanamgombania. Mhariri mmoja kanishauri nimpunguze weusi, kitabu kitauzika. Nimekataa. Nyie je, wa kwenu mmewapaka nini?