Nilinunua kiama, mke wangu ananidai bati

Nyumbani bado kuna kesi, na leo nimeona niiseme mwenyewe hapa kabla hamjaisikia kwa majirani.

Mnanijua kwamba nina ugonjwa wa sarafu. Kuna wanaume wanakusanya stempu, kuna wanaokusanya nyumba ndogo, mimi nakusanya sarafu. Mwaka 2023 mpwa wangu anayeishi Norway akanipigia simu: "Mjomba, huku kuna sarafu za kiama, unazitaka?" Nikashtuka. Kiama kina sarafu?

Kumbe si kiama tunachohubiriwa sisi. Ni cha watu wa kaskazini ya Ulaya enzi zile hawajaingia Ukristo, wenyewe wanakiita Ragnarok. Habari zake ziliandikwa huko Iceland karne ya 13, na mmoja wa walioziweka vizuri kitabuni ni mkubwa mmoja aitwaye Snorri Sturluson, ambaye naye aliuawa nyumbani kwake mwaka 1241.

Kisa chenyewe kinatisha. Kwanza inakuja baridi kali, miaka mitatu hakuna kiangazi, ndugu wanauana. Mbwa mwitu wanameza jua na mwezi. Halafu Fenrir, mbwa mwitu babu kubwa ambaye miungu walimfunga, anakata kamba na kummeza Odin, mkuu wa miungu wote. Thor mwenye nyundo analiua joka linaloizunguka dunia, anatembea hatua tisa tu, anaanguka kwa sumu. Mwisho jitu la moto liitwalo Surt linaiteketeza dunia yote.

Sasa wenye viwanda vya sarafu wakaona hapo pana biashara. Kinachofanyika ni hivi: nchi ndogo za visiwa vya Pasifiki kama Niue, Tuvalu na Cook Islands zinakubali jina lao lipigwe kwenye sarafu, zinalipwa chochote, na kazi inafanywa kwingine. Sarafu za Tuvalu zenye Odin, Thor na Loki, kwa mfano, zilitoka Perth Mint ya Australia. Hao watu wa Niue hawafiki hata 2,000, lakini sarafu zao zimejaa kwa wakusanyaji duniani.

Yangu ilikuwa ya Niue. Fenrir kaachama mdomo, meno yote nje, aunsi moja ya madini ya fedha, yaani gramu 31.1, safi ya 999. Ina cheti, ina kiboksi cha mahameli, na imeandikwa kwamba zimetolewa 500 tu. Bei, dola 90. Nikajiambia, zikiwa 500 tu, mwakani si itakuwa dola 300? Pesa sikuwa nayo. Iliyokuwepo ndani ni ya bati za chumba cha uani. Jamani, nikaichukua.

Ilipofika nikaipeleka kwa sonara mmoja Kariakoo, nikiwa nimevaa shati la kunyoosha. Akaitoa kwenye kiboksi, akaiweka kwenye mizani, akasugua, akataja bei. Haikufika hata nusu ya niliyotoa. Nikamwambia, "Bwana, tazama cheti, ziko 500 tu!" Akanijibu taratibu, "Mzee wangu, mimi nanunua uzito. Cheti hakiyeyuki."

Na ile thamani iliyopigwa pale, dola 2 za New Zealand? Hiyo ni ya jina tu. Hata sisi tunazo za namna hiyo. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kuhifadhi wanyama: twiga ya shilingi 25, faru ya shilingi 50, na duma ya dhahabu ya shilingi 1,500. Kanunue sukari kwa ile ya duma uone kama hutaitwa mwendawazimu, wakati dhahabu iliyomo ni pesa nyingi kweli.

Mvua za masika zilipoanza ndipo mama watoto alipouliza bati. Nikamweleza yote, Odin, Thor, joka na hatua tisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Baba Chiku, dunia ikiisha, hiyo utamuuzia nani?"

Mpaka leo sina jibu.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukiletewa sarafu ya namna hii jiulize matatu: ina uzito gani, madini yake ni safi kiasi gani, na nani hapa mjini atainunua ukikwama? Ukikosa jibu la tatu, basi hiyo ni pambo. Pambo si dhambi, ila linunuliwe kwa pesa ya pambo.

Kitu kimoja lakini kinanifariji. Hao watu wa kaskazini wanasema baada ya kiama nchi inaibuka tena baharini, mbichi ya kijani, na miungu waliosalia wanaokota majanini kete zao za dhahabu walizokuwa wakichezea zamani. Hawakuziuza popote!

Fenrir wangu yuko kabatini. Chiku anamtumia kuamua nani aoshe vyombo, mbwa au maandishi. Bati nimeshanunua nne, bado nne.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.