Mgeni Siku Mbili: Msafiri wa Peke Yake na Siku za Kwanza Mwinukoni

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hutajwa ili kumkumbusha mgeni asiwe mzigo kwa mwenyeji wake. Nusu yake ya kwanza husahauliwa: kwamba siku mbili za mwanzo ni haki ya mgeni, apumzike, alishwe na atazamwe hali yake kabla ya kupewa kazi. Tiba ya wasafiri imefikia hitimisho linalokaribiana sana na nusu hiyo, hasa kwa mtu anayetoka usawa wa bahari na kufikia mahali palipoinuka. Tatizo ni kwamba kijana wa leo anayesafiri peke yake, shanta mgongoni na tiketi kwenye simu, hana mwenyeji. Hakuna wa kumpumzisha, wala wa kumtazama.

Achukuliwe mfano wa kijana wa Dar es Salaam, mwenye miaka 26 na afya njema, anayekwenda Peru kuona Machu Picchu. Amekuwa njiani kwa zaidi ya saa 24, amebadilisha ndege, amelala kwa kukaa. Asubuhi anaondoka Lima, mji ulio ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki, na kabla ya saa mbili kupita anatua Cusco, mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na oksijeni katika kila pumzi hupungua kwa kiasi hicho hicho. Jioni kichwa kinamuuma, chakula hakimwingii, tumbo linachafuka. Anajiambia kwamba ni uchovu wa safari. Tayari amelipia gari la alfajiri kwenda Vinicunca, mlima wa rangi nyingi ambao kilele chake kimepita mita 5,000, na fedha hizo hazirudi.

Tofauti kati ya safari hii na ile ya kupanda Kilimanjaro inafaa kutazamwa. Apandaye kwa njia ya Marangu hutembea kwa miguu siku ya kwanza hadi kituo cha Mandara, kwenye mita kama 2,700, akalala. Siku ya pili hutembea tena hadi Horombo, kwenye mita kama 3,700. Mwinuko ambao ndege humfikisha msafiri wa Cusco kabla ya chakula cha mchana, mpanda Kilimanjaro huufikia siku ya pili, tena kwa miguu yake. Zaidi ya hayo, kanuni za hifadhi hazimruhusu mtu kupanda mlima huo bila mwongozaji. Neno “pole pole”, ambalo wageni huondoka nalo kama kumbukumbu ya Tanzania, ni maagizo ya kitabibu yaliyovaa vazi la adabu. Na anayelitamka hutazama pia: nani ameacha chakula chake, nani anayumba, nani amenyamaza ghafla.

Mwili unahitaji muda kwa sababu zinazoeleweka. Pumzi huongezeka haraka mara mtu afikapo juu. Figo huchukua siku kadhaa kurekebisha kemia ya damu ili kupumua huko kwa kasi kuweze kuendelea, hata usingizini. Seli nyekundu za damu huhitaji wiki kadhaa ili ziongezeke vya kutosha. Ndiyo maana ugonjwa wa mwinuko huanza saa 6 hadi 12 hivi baada ya kufika, na kwa wengi hupungua ndani ya siku moja hadi tatu ikiwa hawapandi zaidi. Ujana hauukingi, na mazoezi hayaukingi. Mkimbiaji hodari huweza kuumwa kuliko mzee anayetembea kwa mkongojo, kwa kuwa mkimbiaji hana subira. Ushauri unaokubalika na wataalamu ni kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya mapumziko.

Kwa wengi jambo huishia kwenye kichwa kuuma. Kwa wachache hali hugeuka. Maji huweza kujaa mapafuni, mara nyingi kati ya usiku wa pili na siku ya nne: kikohozi kikavu, kisha kukosa pumzi hata mtu akiwa ameketi. Au ubongo huvimba: hatua zinayumba, maneno yanachanganyika, uamuzi unapotea. Hapo ndipo neno “peke yake” linapoacha kuwa sifa ya safari na kuwa hatari yake. Chombo kinachotakiwa kuamua kwamba mtu ni mgonjwa ndicho kilichoshambuliwa. Mgonjwa wa namna hii husema kwa dhati kwamba hajambo. Katika chumba cha hosteli chenye vitanda vinane, walio karibu naye hawajui alivyokuwa jana. Humdhania amechoka, au amelewa, wakazima taa.

Msafiri wa Afrika Mashariki ana pia mizigo isiyoonekana katika shanta. Wapo watu wengi katika ukanda wa pwani na wa Ziwa Viktoria wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuwa na ugonjwa wenyewe, na wengi hawajawahi kupimwa. Maisha yao ya kila siku hayana shida, lakini katika mwinuko mkubwa imewahi kutokea bandama la mtu wa namna hiyo likakosa damu, akapata maumivu makali ya tumbo upande wa juu kushoto. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu wenyewe, safari kama hii haifai kuamuliwa bila daktari wake. Malaria nayo husafiri kimya: aliyeumwa na mbu nyumbani wiki moja au mbili kabla ya safari huweza kupata homa akiwa Cusco, mji ambao kwa baridi na mwinuko wake hauna malaria ya kwake. Daktari wa huko hatalifikiria jambo hilo haraka asipoambiwa mgonjwa ametoka wapi. Na asiye na mwenzake wa kusema hayo kwa niaba yake, inampasa awe ameyaandika kwenye karatasi iliyo pamoja na pasipoti.

Yapo mambo ya kufanya, na mengi hayana gharama. La kwanza ni la jiografia. Machu Picchu yenyewe iko kwenye mita zipatazo 2,430, chini ya Cusco kwa karibu mita elfu moja. Bonde la Urubamba, lenye mji wa Ollantaytambo, liko kwenye mita kama 2,800. Msafiri anayetoka uwanja wa ndege moja kwa moja na kwenda kulala bondeni siku mbili tatu, kisha akapanda Cusco mwishoni, ameyaona yale yale kwa mpangilio unaoheshimu mwili. Dawa ya asetazolamidi ipo kwa wanaoihitaji, lakini huanzwa siku moja kabla ya kupanda na kwa agizo la daktari. Pombe na vidonge vya usingizi viachwe katika usiku wa mwanzo. Chai ya majani ya koka hutolewa kwa ukarimu katika nyumba nyingi za wageni; hakuna ushahidi thabiti kwamba inazuia ugonjwa huu, na anayeinywa huweza kukutwa na alama za kokeini katika kipimo cha mkojo.

La pili ni kupata jicho la kuazima. Mtu wa mapokezi aelezwe: “Nimetoka pwani leo, nisipoonekana saa mbili asubuhi, gongeni mlango.” Aliye kitanda cha jirani aelezwe vivyo hivyo. Na nyumbani awepo mmoja wa kupigiwa simu kwa saa maalumu, kwa sauti wala si kwa ujumbe wa maandishi, kwa kuwa maandishi hayayumbi. Kati ya Peru na Afrika Mashariki kuna tofauti ya saa 8. Saa nne usiku, kijana anapotaka kulala Cusco, ni saa kumi na mbili asubuhi Dar es Salaam na mama ameshaamka. Amwulize amekula nini, amekwenda wapi, kichwa kikoje, na amwache aeleze kwa kirefu. Mama anayeijua sauti ya mwanawe tangu utotoni atatambua kilichobadilika kabla ya kipimo chochote. Akitambua, agizo ni moja: mgonjwa asilale peke yake na asipande zaidi, atafutiwe oksijeni na ashushwe.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuiua safari, kwamba mtu husafiri peke yake ili asimjibu mtu yeyote. Hoja hiyo ina uzito wake. Kutembea peke yake katika nchi ngeni humfundisha kijana mambo ambayo darasa haliwezi, na jamii isiyowaruhusu vijana wake kutoka hujinyima macho ya dunia. Lakini uhuru huo hauharibiwi na simu ya dakika kumi na siku mbili za mwendo wa taratibu. Kinachouharibu ni kurudishwa nyumbani katika machela, au kutorudi.

Kliniki za wasafiri nazo zina sehemu yao. Katika chumba cha chanjo msafiri huulizwa kuhusu homa ya manjano, kuhusu mzio na kuhusu bima. Ni nadra kuulizwa swali ambalo kwa msafiri wa peke yake huenda likawa la maana kuliko yote: asubuhi ya pili, nani atakuona? Swali hilo halihitaji maabara wala bajeti, na jibu lake linaweza kuandikwa kwenye kadi ile ile ya chanjo. Asiye na jibu asizuiwe kusafiri. Akae kidogo na muuguzi walitafute pamoja, kisha aende. Siku mbili awe mgeni, hata kama mwenyeji ni yeye mwenyewe. Ya tatu ashike jembe lake, na siku hiyo jembe liwe jepesi.